Mtetemo wa Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa linazama, na Shivachi, fundi wa magari pale mtaani Kongo, Kawangware, ananawa grisi mikononi, wakati Mama Joan aliporudi na gari ya marehemu mumewe.

"Fundi, bado inatetemeka. Nikishika breki nikiwa mbio tu. Na kesho nampeleka Joan kwa kaburi la babake. Nitabebaje mtoto hivi?"

Shivachi alichoka hapo hapo. Alikuwa ameshachonga diski za mbele, akabadilisha breki padi, akakaza nati zote, akakagua bushi na bearingi. Gari ilikuwa safi, haki ya Mungu!

"Hebu twende tuisikie pamoja," akasema. "Endesha, mimi nikae nyuma. Usukani ukitetemeka, shida iko mbele. Kiti kikitetemeka, iko nyuma."

Joan, msichana wa miaka saba, alikuwa amebaki kwa nyumba kule Kabiro akifanya homework. Walijua hawatakawia.

Wakashika barabara ya bypass. Taa za Kibera zilikuwa zinaanza kuwaka upande ule. Gari ikakolea mwendo.

"Sasa. Breki."

Trrrrr...

"Usukani?"

"Umetulia."

"Kiti chako?"

"Kimetulia pia, fundi."

Shivachi akainama mbele. Kiti cha kushoto, cha abiria, hakikuwa na mtu. Lakini ndicho kilikuwa kinatetemeka. Na pale chini kwa kapeti... tap. Tap. Tap. Kama abiria mwoga anayekanyaga breki ambayo haipo.

Kapeti ilikuwa inabonyea.

Halafu harufu. Sabuni ya kipande na tumbaku.

"Morris," Mama Joan akanong'ona. Akaegesha kando ya barabara. Ni hapo hapo Morris, mumewe, alikuwa ameshuka kwa gari hii kumsaidia mtu kubadilisha gurudumu, lori likampitia.

Shivachi alijilazimisha kuongea. "Mama Joan, mlipompeleka Vihiga kumzika... mlisimama hapa?"

Akatikisa kichwa. "Mvua ilikuwa kubwa. Dereva akapitia njia ingine. Wazee wakasema ataelewa."

Woi! Kwao Vihiga mtu akifia barabarani, jamaa hupita hapo na mwili, wanasimama, wanamwita jina, wanamwambia safari imefika, twende tukupumzishe. Asipoitwa, hubaki pale pale, au kwa gari aliloshukia, akingoja wenyewe. Shivachi alijua hayo tangu utotoni, na alimhurumia Morris.

"Mwite sasa," akanong'ona. "Mwambie aende Vihiga, kwa kaburi lake. Utaje Vihiga."

Mama Joan akafungua dirisha. Machozi yalikuwa yanamdondoka tu, hata hayafuti.

"Baba Joan... twende. Twende Kabiro. Kitanda ni baridi. Mtoto wako hacheki siku hizi."

"Ai! Si Kabiro, mama!"

"Nimekusikia, fundi."

Akang'oa gari. Mbio. Akakanyaga breki.

Kimya.

Laini kabisa. Mama Joan akacheka huku analia, na Shivachi hakuwa na roho ya kumkemea. Angemwambia nini mtu aliyemkosa mume hivyo?

Walipofika Kabiro Mama Joan alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto. Akangoja, vile unavyomngojea mtu mrefu akunjue miguu. Kisha akaufunga polepole. Shivachi alibaki nyuma akijaribu kusali, maneno yakamchanganyikia mdomoni.

Kwa nyumba, komeo likafungwa kutoka ndani.

Ka!

Mama Joan alikuwa bado amesimama kando ya gari. Ndani Joan akacheka, kicheko kirefu, cha kwanza tangu matanga. Mamake akatabasamu, maskini. Akaenda akagonga.

"Joan, fungulia mum."

"Mum, baba amekuja."

"Najua, mami. Fungua."

Kisha kasauti kadogo, karibu sana na mlango:

"Anasema hapa si kwao. Hajui njia ya kwenda Vihiga. Ameniomba nimpeleke."

Shivachi akaruka nje ya gari na jeki. Mama Joan akaugonga mlango kwa mabega, kwa kichwa, akipiga nduru mpaka ploti nzima ikatoka. Komeo likavunjika.

Nyumba ni chumba kimoja, haina mlango mwingine. Chai ilikuwa bado moto mezani. Sweta ya Joan haikuwa kwa msumari wake ukutani, na viatu vyake havikuwa mlangoni.

Mama Joan akakaa sakafuni, akaanza kuwaita. Aliita jina la mume, akaita la mtoto, mpaka sauti ikakauka.