Kerubo na Jiwe Lisilo na Masikio

Huko kwenye vilima vya Kisii palikuwa na kijiji cha wachongaji. Walichonga mawe laini yanayoitwa mawe ya sabuni. Na kijiji kizima kilichonga viboko.

Baba alichonga viboko. Mjomba alichonga viboko. Jirani alijaribu kuchonga twiga, akatoka kiboko mwenye shingo ndefu.

Kerubo alikuwa na miaka saba. Yeye na Mama waliwasugua viboko kwa msasa na maji.
Kwaru, kwaru, kwaru.

Siku moja Baba alimpa Kerubo jiwe lake mwenyewe. Lilikuwa na rangi ya waridi, kubwa kama boga.
"Chonga unachotaka, mwanangu," Baba alisema.

Kerubo hakuchonga kiboko. Alichukua tupa, akaifuata mistari ya jiwe. Mistari ilipopinda, naye alipinda. Katikati akatoboa tundu.
Kwaru, kwaru, kwaru.

Jirani akachungulia.
"Ni nini hiki?"
"Ni jiwe la kushika," Kerubo akasema.

Mjomba akachungulia.
"Ni nini hiki?"
"Ni jiwe la kushika."

Kisha akaja Mzee Nyabuto, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho. Alikuwa na kofia kubwa na kalamu tatu mfukoni.
"Ni nini hiki?"
"Ni jiwe la kushika, Mzee."
"Hakuna mnyama wa jina hilo," Mzee Nyabuto akasema. "Na Ijumaa mgeni wa heshima anakuja kwenye maonyesho. Itabidi kamati ikae."

Kamati ikakaa. Ikanywa chai. Ikala mandazi. Ikaomba chai nyingine.

Mjumbe wa kwanza akasema, "Hiki ni kiazi."
Mjumbe wa pili akasema, "Hili ni goti."
Mjumbe wa tatu akasema, "Naunga mkono."
"Unaunga mkono lipi?"
"Yote mawili."

Mzee Nyabuto akasimama.
"Kamati imeamua. Huyu ni kiboko ambaye hajakamilika. Leteni patasi, tumchonge masikio."

Moyo wa Kerubo ukadunda. Du, du, du. Akalikumbatia jiwe lake.
"Hapana, Mzee," akasema.

Watu wote wakageuka kumtazama. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia mwenyekiti hapana. Hata watu wazima hawakuwahi.

"Tafadhali, Mzee, fumba macho," Kerubo akasema. "Kisha ulishike."

Mzee Nyabuto akafumba jicho moja.
"Yote mawili, Mzee."
Akafumba yote mawili.

Mkono wake ukapita juu ya jiwe, pole pole. Ukapanda. Ukashuka. Ukaingia kwenye tundu, ukatokea upande wa pili.

Mzee Nyabuto akaurudisha mkono, akaanza upya. Kijiji hakikuwahi kumwona amenyamaza muda mrefu hivyo. Mjumbe wa tatu alidhani anaumwa.

"Nilikuwa nabebwa mgongoni," Mzee Nyabuto akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mama yangu alikuwa na bega kama hili."

Mjumbe wa kwanza naye akafumba macho, akashika.
"Mimi nasikia maji ya mto," akasema.
Mjumbe wa pili akashika.
"Mimi nasikia mkate ulio moto."
"Naunga mkono," akasema mjumbe wa tatu. Safari hii hakuna aliyemuuliza lipi.

Mzee Nyabuto akajipangusa macho kwa kofia. Akatoa kalamu, zote tatu, akachagua moja.
"Andikeni," akasema. "Jina lake ni Jiwe la Kushika. Asiguse mtu masikio."
"Hayapo, Mzee," Kerubo akasema.
"Basi yasiguswe hata hivyo."

Ijumaa mgeni wa heshima akaja. Akasoma hotuba ndefu sana aliyoandikiwa na wengine.
"Nimefurahi kumwona kiboko huyu mwenye masikio mazuri," akasoma.
Watoto wakacheka, hihihi, mpaka wakakaa chini.

Mgeni akaikunja hotuba yake. Akaenda kusimama nyuma ya watoto, kwenye foleni ya kushika.

Jioni Mama alimwosha Kerubo vumbi la rangi ya waridi lililobaki. Lilikuwa puani, masikioni na katikati ya vidole.

Baba akaja na jiwe la kijivu, akaliweka kando ya kitanda.
"Nimekuchagulia hili," akasema. "Lakini sijui ni nini."

Kerubo akaweka kiganja chake juu ya jiwe. Lilikuwa baridi. Taratibu likaanza kupata joto.

"Hata mimi bado sijui, Baba," akasema, akalala.