Kura za Kwenye Kiti cha Kinyozi

Kinyozi alikuwa na mdomo mwepesi kuliko mkasi wake. Balaa lilianzia hapo, jamani.

Matokeo ya udiwani yalipotangazwa, Mwalimu alimshinda Fundi Bomba. Kinyozi akaja juu. "Haiwezekani! Wateja wangu arobaini wote waliniambia watampa Fundi Bomba!"

Dada yake mdogo, aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa karani wa kuhesabu kura. Mbele ya wateja, Kinyozi akaropoka, "Dada yangu kahongwa!"

Maneno yakasambaa. Dada akazomewa sokoni. Siku ya tatu alifungasha nguo zake, akahama bila kuaga.

Malalamiko yakafika tume ya uchaguzi. Wiki hiyo jirani yao, mtakwimu, akaja kunyolewa.

"Ulipowauliza wateja, ulikuwa umeshika nini mkononi?"

"Wembe."

"Sasa nani angekubishia, ndugu yangu?"

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi hakucheka.

"Tena wanaokuja hapa ni marafiki zako," jirani akaendelea. "Hao si kata nzima."

"Ukweli utajulikanaje, basi?"

"Tume itazipa nambari karatasi zote za kura. Nambari mia sita zitachaguliwa kwa bahati nasibu, pande zote zikishuhudia. Kila karatasi ina nafasi sawa ya kutoka. Kama mshindi si wa kweli, kuna uwezekano mkubwa itaonekana. Shaka ikibaki, wanaongeza karatasi, hata kuzihesabu zote."

Kinyozi alienda kushuhudia. Karatasi zilisomwa moja moja. Mwalimu alipata 338 kati ya 600. Ni kama hamsini na sita katika kila mia, sawa na ilivyotangazwa. Fundi Bomba mwenyewe akampa Mwalimu mkono.

Kinyozi akatoka kichwa chini. Mtoto wa mama yake, amemfanyia nini? Akapitia dukani, kisha akaenda kwenye chumba alichopanga dada yake.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea sana. Nimeshawaambia watu kumi pale dukani kwamba nilikuzulia."

Dada alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Kaka, karatasi mia sita zimetosha kunisafisha kwenye tume. Lakini walionizomea ni wangapi?"

"Sijui. Wengi."

"Basi kwenye hili usichague wachache. Waambie wote."

Tangu siku hiyo Kinyozi hufunga duka mapema, akapita nyumba kwa nyumba. Dada ameanza kupokea simu zake. Kurudi nyumbani, bado.