Ulimi katika Nyumba ya Onema

Siku ya tatu katika nyumba ya Onema, Ndaya alikuta sahani zake zimeoshwa.

Jioni iliyotangulia mvua ilikuwa imepiga mtaa wa Kasuku mpaka barabara ikawa mto, akaziacha sahani karibu na mlango, makombo ya wali na mawese yamezigandia. Asubuhi ziling'aa. Aliinua moja aipanguse, kidole kikanata. Alipokivuta, uzi wa ute ulivutika pamoja nacho, mrefu, ukakatika na kumwangukia mguuni. Akainusa ile sahani. Ilinuka kinywa, kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

"Baba Mwadi," alimwita mumewe, "usiku ulifungulia imbwa mulango?"

Kankolongo alikuwa anafunga viatu aende kwenye karakana ya reli. "Imbwa ya nani? Njo panya. Nyumba zote ziko na panya."

Ndaya hakubisha. Nyumba ilikuwa nzuri: vyumba vitatu, bati jipya, kisima karibu. Mwenye nyumba, sitwayen Onema, mtu mnene wa koti la abakosi lililopigwa pasi na beji ya chama kifuani, alikuwa amedai garanti, amana ya kodi ya miezi mitatu, taslimu, na Kankolongo alikopa kwa wenzake wa kazi ili kuikamilisha. Baada ya gharama hiyo, nani ahame kwa ajili ya panya?

Baada ya sahani ikafuata sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliifunika na kuweka jiwe juu. Asubuhi jiwe lilikuwa mahali pake, lakini sombe ilikuwa imepungua nusu, na uso wake umelainishwa kama umepitiwa na kitu kipana. Ikafuata sabuni, ikawa nyembamba kama jani. Kisha ukuta wa chumba cha kulala: kutoka sakafuni hadi kimo cha mtu aliyechuchumaa, chokaa ilitoka yote, na udongo uliobaki ulikuwa umelowa, ukimetameta. Ndaya alisugua kwa majivu, akatapika, akasugua tena.

Jirani yake Mama Odile, muuza makayabu, samaki wa chumvi, alimwangalia kupitia uzio wa matete.

"Mama, nyie njo watu wa nne kwa hii nyumba tangu mwaka jana," alisema kwa sauti ya chini. "Wote wanahamaga mbio. Hakuna mwenye anarudishiwa garanti yake."

"Wanakimbia nini?"

Mama Odile akatema mate, kisha akayafukia haraka kwa mguu, kana kwamba kuna mtu angeweza kuyaokota. "Mutoto wako iko namna gani?"

Mwadi alikuwa na miezi minane. Siku hizo alikuwa anaamka na nywele zote zimelala upande mmoja, kama ndama aliyetoka kulambwa na mama yake, na shavu lake la kushoto lilikuwa jekundu, ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Ndaya alifikiri ni joto. Sasa hakufikiri tena hivyo.

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa wazi na Kankolongo yuko kazini, alimlaza mtoto kitandani, akatoka kugeuza nguo kwenye kamba. Aliporudi alisikia sauti chumbani, tlap, tlap, polepole, kama mtu anayekula embe na hataki tone lolote limpotee, na harufu ile ya kinywa chenye njaa ikamfikia kabla hajafika mlangoni, nzito, ya moto, imechanganyika na harufu ya damu. Alipochungulia hakuona mtu, hakuona mnyama, aliona mwanawe tu amelala chali na mguu mmoja umeinuliwa hewani bila mtu wa kuuinua, na nyama laini ya kisigino ikibonyea na kurudi, ikibonyea na kurudi, na mchirizi wa mate ukipanda taratibu kutoka kisigino hadi goti, ukimeremeta kwenye mwanga wa dirisha, na mtoto mwenyewe halii, anatazama juu tu kwa macho ya mtu aliyekwisha kuzoea.

Ndaya alimnyakua. Mguu ulikuwa umeshikwa. Alivuta kwa nguvu zote, na ulipoachiwa ulitoa mlio kama chupa iliyozibuliwa.

Jioni ileile walihama. Vitu vyao vilienea kwenye mkokoteni mmoja wa pusipusi, wakapata chumba kwa fundi mwenzake Kankolongo katika mtaa wa Mikelenge. Asubuhi Ndaya na mumewe wakaenda kwa Onema na ufunguo.

"Hamukutoa habari mbele ya kuhama," Onema alisema bila kuinuka kitini. "Garanti imekufa. Tena mulikula chokaa yangu ya ukuta."

"Si sisi tulikula," Ndaya akajibu.

"Nani basi?" Aliuliza akitabasamu. Lakini Ndaya aliponyoosha ufunguo, Onema aliificha mikono yake nyuma ya mgongo. "Mukae nao. Siutaki."

Njiani Kankolongo alisema, "Tumuachie pesa, Mama Mwadi. Deni nitalipa kidogokidogo. Tumepona."

Hawakuwa wamepona. Asubuhi ya pili huko Mikelenge, sahani za mwenyeji wao zilikuwa zinang'aa. Na kisigino cha Mwadi hakikuwa tena na ngozi.

Walimpeleka kwa Mwalimu Abedi, aliyetibu watu kwa dua. Alikuwa fundi wa kushona, na mashine yake hakuisimamisha kwa ajili ya mgonjwa yeyote. Mara hii aliisimamisha. Aliinua kile kisigino, akakinusa, akageuza uso.

"Nyumba ya nani?"

Walipomtaja Onema, Abedi alikifunga kile kisigino kwa kitambaa.

"Kila muntu anayefuga jini anaahidi kulilisha," akasema. "Linataka kula kwa watu wa nyumba yake. Na huyu anaambia jini: watu wa nyumba yangu njo hawa, wenye mali yao iko mikononi mwangu. Mukihama bila garanti, mungali watu wake. Mungefika Kalima, lingewafuata mpaka Kalima."

"Tulitaka kumusamehe zile pesa, Mwalimu," Kankolongo akanong'ona.

"Mukimusamehe pesa mumemupa mutoto. Pesa itoke mukononi mwake, ufunguo uingie mukononi mwake, saa ileile; hapo jini litabaki na yeye. Mie nitawapa dawa ya kidonda na dua ya kusoma. Kulitoa, mutalitoa nyie."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo ya lazima, mtaa mzima uko barabarani na majembe kufyeka majani. Onema alikuwa ameketi barazani kwake, mkewe Élisabeth akimwandalia wali na samaki. Ndaya aliingia uani bila kupiga hodi, Kankolongo nyuma yake. Akatandika kitenge karibu na meza, akamlaza Mwadi, akafungua kitambaa cha kisigino.

"Sitwayen, nimekuja kukaa," alisema. "Garanti yangu iko hapa. Basi mie ni muntu wa hapa, na mugeni wangu atakula hapa."

"Mwanamuke, toka!" Onema alifoka, lakini hakumtazama yeye. Alitazama sahani yake.

Tlap.

Nzi waliokuwa juu ya wali waliruka wote kwa pamoja. Katikati ya ule wali kukafanyika bonde, likapanuka, punje zikashikamana kwa ute na kuvutwa juu zikipotea hewani. Samaki akageuzwa upande wa pili, ngozi yake ikachubuliwa taratibu, macho yakanyonywa moja baada ya jingine, mchuzi ukapigwa mawimbi mpaka ukamwagikia mezani, na kilichomwagika kikafuatwa mpaka ukingoni, mpaka kwenye mkono wa Élisabeth aliyekuwa ameshika birika, na pale mchirizi ukaanza kumpanda kutoka kifundo hadi kiwiko.

Birika lilianguka. Aliangalia mkono wake, akaangalia kisigino cha Mwadi, akakiangalia kwa muda mrefu.

"Njo vile Onokoko alikuwa," alisema. "Na mudogo wake. Ngozi vile vile. Weye ulisema njo surua."

"Élisabeth..."

"Nilizika watoto wawili, Onema! Niliwaosha kwa mikono yangu, ngozi ikabaki kwenye kitambaa, na weye ulisema surua!"

Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Alilifunua na kumtupia mumewe mapajani. Noti zilikuwa zimeshikamana bonge moja, kijani, zimelowa, na utelezi ulikuwa unachuruzika kati yake kama yai bichi.

"Mupatie yake," Élisabeth akasema. "Ao nitaita wale wote wa salongo waje kuona."

Hakuwa na haja ya kuita. Wanawake wenye majembe walikuwa wamekwisha kujaa kwenye lango, Mama Odile mbele yao. Onema akabandua noti moja moja. Aliponyoosha mkono, Ndaya alipokea kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akamwekea ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyake juu ya ufunguo kimoja kimoja.

"Nyumba yako njo hiyo. Sisi si watu wake tena."

Mwadi akaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Ndaya alipoisikia sauti ile alilia naye. Kankolongo alikuwa anaisoma dua ya Abedi kwa kigugumizi. Kwenye kiti, nywele za Onema zililala polepole upande mmoja, na shavu lake la kushoto likabonyea. Hakujipangusa. Alifumba macho kama mtu anayengoja kinyozi amalize. Élisabeth alikuwa amekwisha kutoka langoni na furushi kichwani.

Zile noti Ndaya alizifua mara tatu kwa majivu, akazianika, wakalipa deni la karakana. Kisigino cha mtoto kilipona na kovu jeupe.

Miezi miwili baadaye, sokoni, akiwa na Mwadi mgongoni, Ndaya alisikia sauti anayoijua.

"Mama, unatafuta nyumba? Vyumba vitatu. Bati jipya."

Onema alikuwa amesimama mbele ya mwanamke mgeni mwenye mizigo. Hakuwa na nyusi. Pua ilikuwa imelika ikawa kama jiwe la mtoni, na sikio moja lilikuwa jembamba mpaka mwanga ulipenya. Mgeni aliona aibu kumtazama usoni. Alikuwa amekwisha kufungua fundo la kitenge atoe pesa.

Miguu ya Ndaya ilitaka kukimbia. Akasogea, akamshika yule mwanamke mkono.

"Dada, usimupatie garanti. Angalia mukono wake. Angalia tu mukono wake."

Kiganja cha Onema kilikuwa wazi, kinangoja noti. Katikati yake mate yalikuwa yanajaa taratibu, yakafurika, yakaanza kudondoka kati ya vidole, na kabla tone halijafika chini lilikuwa linapotea.

Mwanamke akafunga fundo lake.

"Mama," Onema alimwambia Ndaya, machozi yakimtoka na kukauka yenyewe kabla ya kufika kidevuni, "basi rudini nyie, linanimaliza. Sitaomba pesa, hata likuta moja."