Springi za Gari la Bibi Harusi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Julai, ekzosi ya gari la Fulgensi, lile bomba la moshi, ilikuwa imelala barabarani, mtaa wa Mlabani, Ifakara, nyuma kidogo ya tuta. Gari lenyewe lilikuwa limelivuka tuta hilo na kusimama, likinguruma kama trekta.

Fulgensi alishuka, akachuchumaa, akatazama chini ya bodi. Shangazi yake, Balbina, alibaki kiti cha nyuma. Walikuwa wanatoka kijijini Michenga, kwa wazazi wa Fulgensi. Kwenye buti kulikuwa na magunia mawili ya mchele mpya. Hakuyaomba. Baada ya mavuno, mtoto hatoki Michenga mikono mitupu. Akikataa mchele, wazazi watauliza wamemkosea nini.

"Shuka, Shangazi," alisema. "Gari limeumia."

"Nililisikia tangu Michenga," alijibu Shangazi Balbina. "Nikadhani ni tumbo langu."

Fulgensi anatengeneza simu katika duka lake hapo Mlabani. Gari lake ni Altezza nyeupe, saluni ya milango minne inayopendwa na vijana kwa sababu ya mwendo wake. Mwezi uliotangulia alitaka likae chini, kama yale aliyoyaona kwenye picha za mtandaoni. Rafiki yake Seni, fundi wa gereji ya jirani, alizitoa springi zote nne akazikata kwa grenda. Walilipima gari mbele ya duka, likiwa tupu. Lilipendeza. Walilipiga picha.

Hawakulipima likiwa na watu na mchele.

Habari ya ekzosi ilifika Michenga kabla ya saa sita. Shangazi Balbina ndiye aliyepiga simu, na hakupunguza kitu. Mzee Valeriani, baba yake Fulgensi, alisikiliza mpaka mwisho. Mwishoni mwa mwezi huo binti yake Edna angefunga ndoa katika kanisa la Ifakara mjini. Siku Fulgensi aliponunua gari, alimwahidi dada yake kwamba atamwendesha yeye mwenyewe kwenda kanisani. Edna aliwaambia rafiki zake wote.

Jioni mzee alimpigia mwanawe.

"Binti yangu haendi kanisani kwa gari linaloburuza tumbo kama kenge," alisema. "Nitamwomba jirani yetu Martin alete kibasi chake, ile Noah."

Fulgensi alimwomba baba yake asubiri. Mzee alikubali, kwa sharti moja. Siku moja kabla ya harusi gari lipakie watu walewale watakaokwenda na bibi harusi, litoke Michenga hadi mjini. Likigusa chini mara moja tu, Edna atapanda Noah.

Kesho yake, baada ya misa, Fulgensi alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwake, kwa Mwalimu Herieth. Mwalimu huyu anafundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikusikia jana. Siku hizi unasikika kabla hujaonekana."

Fulgensi alimweleza yote. Mwalimu alimchukua wakaenda gereji kwa Seni. Huko aliomba gari liinuliwe kwa jeki na tairi moja la nyuma litolewe. Gari lilipopanda, springi ilibaki inacheza kwenye kiti chake, yaani kibakuli cha chuma inachokalia. Mwalimu aliishika kwa vidole viwili akaizungusha bila shida.

"Umeona?" aliuliza. "Springi inatakiwa ibanwe muda wote, hata gari likiwa hewani. Hii imekuwa fupi, imelegea. Ukirukia shimo, inaweza kuhama mahali pake. Na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti, kwa sababu kiti kilitengenezwa kwa ncha ya kiwandani."

Kisha aliwaonyesha raba nene iliyo kwenye shokapu, yaani kile chuma kinachotuliza mruko wa springi. Raba hiyo huzuia gari lisigonge chuma kwa chuma pale springi inapofika mwisho. Ilikuwa imepasuka. Mwalimu alieleza kwamba gari likipakia mchele lilikuwa linakaa juu ya raba, si juu ya springi. Ndiyo maana mshtuko wa kila shimo ulipanda mpaka kwenye viti vya abiria.

Seni alijikuna shingo. "Lakini Mwalimu, mafundi wote tunakata."

"Wote mnakata, na baada ya miezi miwili mnamuuzia mtu yuleyule shokapu mpya. Biashara nzuri, Seni."

Seni alicheka mpaka akaweka spana chini.

Fulgensi alikiri kwamba bado alitaka gari likae chini kidogo. Alidhani Mwalimu atamkatalia. Hakumkatalia. Alisema zipo springi zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Ni fupi kiasi, lakini ni ngumu zaidi kuliko za kiwandani, ili gari lisizame sana chini ya mzigo. Tena urefu wake umepangwa zibaki zimebanwa gari linapoinuliwa.

Fulgensi alitoa simu. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amemtumia picha za aina mbili. Moja inashusha gari sentimita tano, nyingine sentimita mbili. Picha ya kwanza ilikuwa na gari jekundu lililolala chini kama paka.

"Hii," alisema Fulgensi.

"Springi haichaguliwi kwa picha," alisema Mwalimu. "Inachaguliwa kwa mzigo. Nani atapanda siku ya harusi?"

Fulgensi aliwataja: yeye, Edna, mpambe wake, na Shangazi Balbina. Shangazi lazima awemo. Kwao dada wa baba ndiye anayemfikisha bibi harusi kanisani. Kwenye buti kungekuwa na mchele na sufuria za zawadi.

Seni alikuwa na springi za kiwandani zilizotoka kwenye Altezza iliyopata ajali. Mwalimu alizikagua zisiwe na kutu wala ufa, akaamuru zifungwe kwa muda, pamoja na raba mpya. Kisha waliitwa watu. Edna alikuja na mpambe wake, Agnetha. Shangazi Balbina alikuja na kanga mbili.

"Nimepimwa presha, nimepimwa sukari," alisema akijiingiza ndani. "Leo napimwa na gari."

"Kaa sawasawa, Shangazi," alisema Edna. "Ukiinama upande, hesabu inaharibika."

"Wewe nyamaza. Bila mimi huolewi."

Mwalimu alipima kwa futi ya utepe, kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi pindo la bodi juu yake. Gari likiwa tupu: sentimita thelathini na sita. Likiwa na watu na magunia: thelathini na moja. Kisha alichungulia chini, akapima nafasi iliyobaki kabla ya raba kuguswa. Raba ingeguswa kipimo kikifika ishirini na saba.

"Sasa piga hesabu mwenyewe," alimwambia Fulgensi.

Fulgensi alihesabu kwa sauti. Thelathini na moja, ukitoa tano, ishirini na sita. Aliuliza kama ule ugumu wa springi mpya hautasaidia. Mwalimu alijibu kwamba utasaidia labda sentimita moja. Hapo gari litakuwa limegusa raba likiwa limesimama tu, kabla ya shimo lolote.

"Na ukitoa mbili?"

"Ishirini na tisa. Pamoja na ugumu, thelathini."

"Inabaki nafasi ya sentimita tatu kwa ajili ya mashimo. Si kubwa. Kwa hiyo utakwenda polepole, na magunia yatapanda Noah. Gari la bibi harusi libebe watu."

Fulgensi aliitazama tena picha ya gari jekundu. Kisha aliifuta.

Kabla ya kuagiza, Mwalimu alimtaka afungue boneti asome kibati chenye aina ya gari na namba ya chesisi. Altezza hazifanani zote, alisema, na springi ya injini moja si lazima ifae injini nyingine. Muuzaji athibitishe kwa namba hizo, si kwa jina la gari peke yake. Muuzaji alithibitisha.

Springi zilifika kwa basi. Seni alizifunga bila kukata kitu. Alibadilisha pia shokapu mbili za nyuma, kwa sababu zilikuwa zinavuja mafuta. Alirudisha ekzosi mahali pake. Kwa kuwa gari likishushwa matairi hubadilika pembe, walilipeleka kupiga alaimenti, na taa za mbele zikarekebishwa zisiwaumize macho wanaokuja. Likiwa tupu, pindo lilikuwa sentimita thelathini na nne. Lilipopakiwa watu na magunia ili kupima tu, lilikuwa thelathini kamili, kama walivyohesabu.

Siku moja kabla ya harusi, Mzee Valeriani hakukubali kuambiwa matokeo. Alimshusha Agnetha, akaketi yeye kiti cha nyuma, kati ya Edna na dada yake Balbina. Njia nzima kutoka Michenga hadi mjini alikaa ameinamisha kichwa, anasikiliza sakafu. Kwenye kila tuta Fulgensi alipunguza mwendo mpaka watembea kwa miguu wakawapita.

"Kaka, unasikia nini?" aliuliza Shangazi.

"Nakusikia wewe tu," alisema mzee.

Walipofika kanisani mzee alishuka, akapiga magoti akachungulia chini ya bodi. Akasimama, akapangusa vumbi. Alimpigia Martin simu na kumwambia kwamba Noah yake itabeba magunia na wanakwaya.

Siku ya harusi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Altezza nyeupe ilisimama mbele ya kanisa. Shangazi Balbina alishuka kwanza. Kisha Fulgensi akazunguka, akafungua mlango, na Edna akaweka mguu chini.