Bili ya Balbu Mbili

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Solange alirudi kutoka matanga huko Luofu akamkuta mumewe, Siméon, amelala kifudifudi chini ya mita ya umeme, kisogo kimepasuliwa. Kelele zake ziliamsha mtaa mzima, na mji wa Butembo ukiamka kwa hasira haurudi tena kitandani.

Inspekta Emérence alifika saa moja na nusu, kwa miguu, kwa sababu gari la polisi halikuwa na mafuta. Mshukiwa alikuwa amekwisha kupatikana, kupigwa na kuhukumiwa. Ramazani, dereva wa teksi ya Beni na mpangaji pekee wa Siméon, alikuwa amebanwa ukutani, jicho moja limefumba, meno yake mawili kiganjani. Vijana waliomzunguka walikuwa na tairi na kidumu cha petroli.

"Alimuua juu ya facture ya courant!" Solange alilia, akitikisa karatasi ya bili ya umeme. "Majirani baliniambia: jana saa kumi alimuambia bwana yangu mbele ya batu bote: ukinidai tena nitakupasua kichwa!"

"Ulisema hivyo?" Emérence akamwuliza Ramazani.

"Nilisema, Mama Inspecteur. Kinywa ilisema, mukono haikufanya." Alitema damu. "Niko na balbu mbili tu. Siku ine kwa juma niko mu barabara ya Beni. Na facture inakuya dola sabini! Papa Siméon anasema, locataire, mupangaji, njo analipa. Nikamuambia: zima yote mu nyumba, halafu uangalie compteur kama itasimama."

"Akaiangalia hiyo mita?"

"Sijui. Nililala mapema, barabara ilinichokesha."

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Emérence aliwaweka askari wake wawili mbele ya Ramazani na kuomba saa moja. Umati ukampa nusu saa, kama vile maisha ya mtu ni muhogo wa kupunguziana bei sokoni.

Akainama juu ya maiti. Kichwa kilichopasuka vile humwaga damu nyingi, lakini chini yake palikuwa na doa la ukubwa wa sahani tu. Mikono ya marehemu ilikuwa na udongo mbichi mpaka viwikoni. Ua wote ulikuwa wa saruji, isipokuwa kipande chembamba kando ya ukuta wa nyuma, palipopandwa mboga za lengalenga.

Alizima mwenyewe balbu mbili za Ramazani na moja ya Solange. Hapakuwa na kitu kingine cha kuzima. Akarudi kwenye mita. Kisahani chake kilikuwa bado kinazunguka, tena mbio.

Akakiacha kizunguke. Nyuma ya ukuta redio ilikuwa ikiimba nyimbo za misa kwa sauti kubwa, na kutoka huko akaja Ananie, jirani mwenye shati safi, ambaye kabla ya Ramazani ndiye aliyepanga nyumba hiyo.

"Mama, kamata sucré, unywe," alisema kwa heshima, akimpa chupa ya soda. "Najua weye ni wa Beni. Kule banapenda ya baridi. Siye ba Butembo tunakunywa ya ku etajeri, bila kupooza."

Chupa ilikuwa baridi ya kuumiza vidole. Emérence akakiri moyoni kwamba ilikuwa tamu.

"Ulipotoka hapa, uliacha facture?"

"Hata moja! Nililipa yote. Kule kwangu sikuingiza tena courant, nilichoka na madeni. Ni torche tu."

"Na jana jioni?"

"Nilisikia Ramazani akipiga makelele, kisha kitu ikalia, pah! Huyu njo muuaji, Mama. Munangoja nini?"

Umati haukungoja. Askari walisukumwa pembeni, Ramazani akapigwa jiwe la shavu, akaanguka. Tairi likavishwa shingoni, petroli ikamwagwa kifuani. Alikuwa anasoma shahada kwa midomo iliyovimba. Emérence aliogopa sana wakati ule, na si aibu kusema.

Aliruka mpaka kwenye mita, akashusha swichi kuu.

Redio ya Ananie ikanyamaza katikati ya aleluya.

Kila mtu aligeuka kutazama ukuta. Emérence akainua chupa.

"Batu ya Butembo, nani alipooza hii sucré kwa torche?" Akapandisha swichi. Redio ikaimba. Akaishusha tena. Kimya. "Chimbeni pale mu lengalenga!"

Walichimba kwa mikono. Waya ulikuwa chini kidogo, ukipita chini ya ukuta mpaka kwa Ananie. Udongo uliolowa damu ulikuwa umefunikwa majani, na jembe lenye nywele za Siméon lilikuwa palepale.

Ananie alijaribu kukimbia. Askari akampiga ngwara, akaanguka, pua ikavunjika.

"Papa Siméon aliifukua waya mwenyewe," alisema, damu ikimwagika kwenye shati safi. "Saa kumi na mbili ya jioni. Akasema Jumapili mu kanisa atanitaja mbele ya bote, na nilipe myezi yote. Nilikamata jembe. Nikamubeba mpaka ku compteur, juu kila mutu alisikia maneno ya Ramazani."

"Na waya, kwa nini hukuukata?"

"Congélateur, ile friji ya kugandisha, imejaa samaki, Mama. Leo njo soko. Ingeoza."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Vijana walewale wakamvua Ramazani tairi, wakamwelekea Ananie. Emérence alisimama katikati, akanyang'anya kidumu.

"Leo hapana kuchoma mutu! Ramazani, gari yako inatembea?"

"Inatembea. Ila tanki iko tupu."

Akamimina petroli iliyobaki kwenye teksi. Mafuta ya kumchoma Ramazani ndiyo yangempeleka muuaji mpaka bureau ya polisi, na Ramazani mwenyewe ndiye angeshika usukani.

Ananie alipokwisha kuketishwa kiti cha nyuma, Solange alikuja kwenye dirisha la teksi kuomba msamaha.

"Balbu zangu mbili nitalipa, Mama," Ramazani alisema, akiwasha gari kwa mkono usioumia. "Ya samaki, muulize huyu wa nyuma."