Gunia la Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kaari alifanya kazi zile zile tatu: kufagia uwanja, kumwamsha mdogo wake Njuki, ambaye usingizi ulikuwa rafiki yake wa dhati, na kuwarushia kuku mahindi. Siku hizi mahindi ya kuku hayakuwa taabu kupata. Panya walikuwa wametoboa gunia la nne ghalani, punje zikawa zinadondoka sakafuni. Kaari aliziokota tu.

Jumatatu hiyo, kuku mmoja hakuja mbio. Alikuwa amejikunyata kando ya ukuta, mabawa chini, macho nusu wazi. Kufikia jioni alikuwa amekufa. Jumatano wakafa wengine wawili.

"Ni kideri," alisema nyanya yao, ambaye wote walimwita cucu. "Kila mwaka lazima kipite hapa Mbeere kutusalimia."

Kaari aliitikia kwa kichwa, lakini hakuridhika. Kuku wa kideri hupinda shingo na kuhema kwa shida, naye hakuwa amemwona hata mmoja wa namna hiyo. Aliingia ghalani peke yake, akachomeka mkono ndani ya gunia la nne mpaka kwenye kiwiko. Mle ndani mlikuwa na joto. Alipoutoa, mkono ulinuka kama nguo yenye maji iliyosahauliwa ndani ya beseni, na punje zilizobaki kiganjani zilikuwa na vumbi la kijani. Hofu ilimshika. Akazirudisha punje, akaziba tundu kwa kitambaa, akafunga mlango.

Alijua vizuri sana kilichotokea.

Wiki tatu nyuma, mvua isiyo ya msimu ilinyesha siku mbili mfululizo, mahindi yakiwa yameanikwa juu ya turubai. Baba yake, Nthiga, alikuwa akienda Embu mjini kumuuguza ndugu yake. Alimwachia Kaari kazi ambayo asingemwachia mtu mwingine, kwa sababu Kaari mwenyewe ndiye aliyejifunza shuleni na kuileta nyumbani: kupima mahindi kwa chumvi. Unatia chumvi kavu na punje kadhaa ndani ya chupa kavu ya kioo, unatikisa vizuri, unangoja robo saa. Chumvi isiposhika kwenye kioo, funga gunia. Ikishika, mahindi bado yana unyevu na lazima yarudi juani.

Magunia matatu yalifaulu. Mahindi ya gunia la nne yalipopimwa, chumvi iliganda kwenye chupa pande zote. Yalihitaji siku mbili zaidi za kuanikwa na kugeuzwa, na kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya mechi ya netiboli kule Ishiara. Kaari ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu. Alitazama turubai, akatazama barabara. Ni unyevu kidogo tu, alijiambia, yatamalizia kukauka humo humo guniani. Akalifunga, akaenda Ishiara, akafunga mabao kumi na moja.

Baba aliporudi aliuliza, "Yote yamekauka?"

"Yote, baba."

"Na chumvi haikushika?"

"Haikushika."

Nthiga alimwambia cucu kwamba sasa nyumba hii ina afisa wake wa kilimo, tena asiyehitaji kubembelezwa. Wakacheka wote. Kaari naye alicheka, ila si sana.

Sasa kuku walikuwa wamekufa, na Alhamisi zamu yao ya kupeleka chakula shuleni ikafika. Kila mzazi alitoa madebe mawili ya mahindi kwa ajili ya githeri ya mchana, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Nthiga alichota kwenye gunia lililokuwa karibu na mlango, nalo lilikuwa la nne. Ghalani mlikuwa na giza, na mafua yalikuwa yamemziba pua wiki nzima. Kaari alikuwa amemshikia debe. Akafungua mdomo.

"Unasema nini?" baba aliuliza.

"Hakuna."

Ijumaa asubuhi alipitia jikoni kabla ya kengele. Mama Cicily, mpishi, alikuwa amechota mahindi ya siku hiyo kutoka kwenye pipa la shule, ambamo ya kina Kaari yalimwagwa juu ya mahindi ya familia nyingine. Aliyasuuza kwenye karai, na maji yalikuwa ya kijani.

"Mama Cicily, hayo mahindi yana kuvu."

"Nimeosha mara tatu. Na hii moto nayo ni ya nini? Moto inaua kila kitu. Enda darasani, utachelewa."

Kaari akaenda. Alikuwa amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo haikumsaidia mtu.

Saa tano harufu ya githeri iliingia darasani. Kwa kawaida ilimfanya ameze mate, lakini leo aliziba pua kwa kiganja. Saa sita na nusu darasa la pili waliachiliwa mapema kama ilivyo desturi, na kupitia dirishani akamwona Njuki mbele ya mstari, bakuli kichwani kama kofia. Kaari alikumbuka yule kuku kando ya ukuta. Alisimama katikati ya somo la hesabu.

"Mwalimu, watoto wasile."

Mwalimu Marete, aliyekuwa pia mwalimu mkuu, aligeuka kutoka ubaoni. "Watoto gani?"

"Wote. Mahindi yetu yameoza. Nilijua. Kuku wetu wamekufa."

Marete hakuuliza tena. Alitoka mbio na chaki mkononi. Bakuli la Njuki lilikuwa limeshajaa, na mwalimu alilipokonya wakati mtoto ananyanyua kijiko.

Githeri ilimwagwa shimoni. Alasiri afisa wa kilimo alikuja kwa pikipiki, akachukua mahindi ya kupima, akawaeleza kwamba kuvu ile huacha sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo hula ini la mtu. Kuosha hakuitoi, na kuchemsha hakuiui. Mama Cicily alikaa juu ya kuni. Majibu ya maabara yalipokuja baadaye yalithibitisha hofu hiyo. Kwa kuwa mahindi yalikuwa yamechanganyika, pipa zima lilizikwa, jasho la familia kumi na mbili. Wanafunzi walikaa wiki mbili bila chakula cha mchana, na walijua njaa hiyo ilitoka kwa nani.

Nthiga hakumpiga bintiye wala kumfokea. Alichimba shimo la gunia la nne peke yake, na kila pigo la jembe lilimuuma Kaari kuliko fimbo.

Jumatatu Mwalimu Marete aliwaita wote wawili ofisini. Akampa Kaari karatasi. "Andika ulikosea wapi."

Kaari aliandika: *Mvua ilinyesha.*

Marete akasoma, akamrudishia. "Mvua si mwanafunzi wangu. Andika tena."

*Nilifunga gunia lenye unyevu ili niende mechi.*

"Sawa. Ni hapo tu?"

Kaari aliinamia tena karatasi. Kisha akaandika, mstari baada ya mstari: baba aliponiuliza. Kuku walipoanza kufa. Nilipohisi joto. Ghalani na debe. Jikoni. Alipofika mwisho machozi yalikuwa yakidondoka juu ya wino.

Nthiga alichukua karatasi. "Pale ghalani," alisema polepole. "Nilikuona ukifungua mdomo. Mimi pia nilipaswa kungoja kidogo useme."

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," Marete alisema. "Safari hii kingewaumbua watoto wasio na hatia. Kaari, kufunga lile gunia kulikuchukua dakika tano, na hakuna mtu asiyekosea dakika tano. Kunyamaza kulikuchukua wiki tatu. Ukitaka kujifunza, jifunze kutokana na hizo wiki tatu. Kila mstari hapa ni mahali ulipoweza kurudi. Ulirudi mwishoni kabisa, lakini ulirudi. Siku nyingine rudi mapema."

Kaari alijifuta uso. Aliitazama karatasi, kisha akashtuka.

"Baba, kuna mstari haupo. Wiki iliyopita nilimpa Ntinyari wa jirani kopo moja la mahindi yale awape kuku wao. Sijamwambia."

Nthiga alikuwa ameshasimama.

Walikwenda kwa miguu, karibu kukimbia. Mamake Ntinyari aliwasikiliza akiwa mlangoni, akaingia ndani, akarudi na kopo lililojaa mpaka juu.

"Niliona ni mengi sana kwa kuku," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nataka kuyapeleka kwa kinu leo jioni, yawe uji ya mtoto."

Nthiga alilipokea kopo kwa mikono miwili. Wakashika njia ya nyumbani.

"Leo umewahi," alimwambia bintiye.