Mbegu za Rangi ya Waridi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Awut alishuka na mama yake hadi shambani kwao, kando ya mto, kule Rejaf, kusini mwa mji wa Juba, Sudan Kusini. Mama alilima. Awut alichota maji mtoni na kumwagilia bamia. Mdogo wake Chan, mtoto wa miaka minne, alikaa kwenye leso akifinyanga ng'ombe wa udongo.

Watoto hao wawili walizaliwa Kakuma, katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, na huko ndiko walikojifunzia Kiswahili. Baba yao aliuawa vitani kabla Chan hajazaliwa. Mkataba wa amani ulipotiwa saini, mama yao, Athok, aliwaambia, "Twendeni nyumbani tukalime chetu."

Kulima chao hakukuwa rahisi. Mwaka wa kwanza mto ulifurika na kuuzoa mtama wote. Mwaka uliofuata mvua ilichelewa, miche ikaungua na jua. Kilichowaokoa ni chakula cha serikali. Kila mwezi watu waliorudi kutoka uhamishoni walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, wakapewa mtama, dengu na mafuta ya kupikia.

Siku moja mwezi wa Aprili, afisa aliyegawa chakula hicho, Bwana Phineas, alisimama mbele ya watu bila gunia hata moja la dengu.

"Ndugu zangu, utaratibu umebadilika," alisema. "Kuanzia leo chakula ni cha wazee, wagonjwa na wale waliofika juzijuzi. Nyinyi wenye mashamba mnajitegemea. Mtapewa mbegu na majembe. Chakula, kalas, kimekwisha."

Watu walinung'unika. Athok akapaza sauti. "Bwana Phineas, mbegu nitaipanda leo nivune baada ya miezi minne. Hapo katikati watoto wangu watakula nini?"

Bwana Phineas alitazama viatu vyake. "Malesh, mama. Pole sana. Amri imetoka juu, mimi nimetumwa tu."

Kisha akafungua gunia. Mbegu za mtama zilikuwa na rangi ya waridi, kana kwamba zimepakwa rangi. "Zimetiwa dawa ya kuua wadudu," alionya. "Ni sumu. Msizile hata mkiziosha. Na atakayekula mbegu badala ya kupanda atafutwa kwenye orodha. Hatapata msaada wowote tena."

Jirani yao, Nyaruot, alimsogelea Athok. "Sema huna shamba," alinong'ona. "Sema ni la shemeji yako, upewe chakula."

Athok alifungua viganja vyake vilivyojaa sugu. "Hivi vitanisuta," akajibu. Akachukua mbegu na jembe, wakaenda zao.

Alipanda nusu ya mbegu, nusu akaiweka kusubiri mvua ya pili. Mtama ulichipua vizuri, lakini tumbo halisubiri mche ukue. Bamia ziliisha. Wakala majani ya porini, na majani nayo yakawa ya kutafutwa mbali. Awut alisinzia darasani. Chan aliacha kucheza.

Nyaruot alipochungulia mlangoni na kuuliza, "Mmekula leo?" Athok alijibu upesi, "Tumeshiba, asante." Jioni aliinjika sufuria ya maji matupu motoni ili majirani waone moshi. Awut alimtazama.

Asubuhi moja Athok aliondoka mapema kwenda Hai Cinema, mtaa wa mjini Juba, kutafuta kazi ya kuosha vyombo mkahawani. Awut alibaki na mdogo wake. Chan alilala kwenye mkeka, midomo imekauka.

"Dada, njaa," alisema. Kisha akalia, lakini machozi hayakutoka.

Awut alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Hakuwa na mtu wa kumwomba, kwa kuwa kila mtu aliambiwa kwamba wameshiba. Akakumbuka maneno ya Akuol, rafiki yake wa shuleni: "Sisi tunaziosha mbegu mpaka maji yatakate, basi, hazina neno." Akakumbuka pia onyo la Bwana Phineas. Lakini Bwana Phineas hakuwa pale, na Chan alikuwa pale akilia.

Aliziosha mbegu mara nyingi. Maji yalitoka mekundu, halafu ya waridi, halafu meupe. Akazichemsha mpaka zikalainika, akamlisha Chan bakuli zima. Yeye hakuonja. Zilizobaki alizifunika zimsubiri mama.

"Tamu," Chan alisema na kutabasamu.

Haukupita muda mrefu, mate yakaanza kumchuruzika. Alitapika. Mikono ikatetemeka. Awut alipiga kelele, Nyaruot akaja mbio, akambeba mtoto mgongoni, wakakimbia hadi zahanati.

Pale kulikuwa na muuguzi Mkenya, Sista Priscilla. Alimlaza Chan kitandani. "Amekula nini?" aliuliza.

Awut alifungua mdomo. Akayasikia tena maneno ya Bwana Phineas: atafutwa, hatapata msaada wowote tena. Mama angepata wapi mbegu mwaka ujao?

"Majani ya porini, Sista," akasema.

Sista Priscilla alimpima Chan malaria. Hakuwa nayo. Kifua cha mtoto kilianza kukoroma kama kimejaa maji. Wakati huo Athok aliingia akihema. Alikuwa amepewa habari njiani. Alipomwona mwanawe alipiga magoti kando ya kitanda.

Sista Priscilla alizitazama mboni za macho ya Chan. Zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akamgeukia Awut.

"Binti, majani hayafanyi hivi. Ukinificha, dawa nitakayompa huenda isimfae. Mdogo wako anakufa. Alikula nini?"

"Mbegu!" Awut alilia. "Mbegu za serikali. Niliziosha, nikazipika. Alikuwa na njaa, Sista!"

Sista Priscilla hakupoteza muda kumkaripia. Alimdunga Chan sindano, akamfyonza mate kooni, akamdunga nyingine. Mchana kutwa Athok alishika mguu wa mwanawe, na Awut alikaa sakafuni akisali. Jua lilipokuwa likielekea kutua, kifua kiliacha kukoroma. Chan alifumbua macho akamwita mama.

Kesho yake Bwana Phineas alifika zahanati. Akina mama wengi walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto wao. Awut alisimama mbele yake.

"Ni mimi niliyezipika," alisema. "Nifuteni mimi. Msimfute mama."

Athok akainuka.

"Kila aliyeniuliza nilimwambia tumeshiba," alisema. "Nilidanganya kwa sababu ya aibu. Nimelima, nimepanda, na watoto wangu wana njaa."

Nyaruot akasema, "Hata kwangu." Mwanamke mwingine kwenye benchi akasema, "Na kwetu." Mwingine akasema, "Sisi pia tuliziosha mbegu juzi. Bahati tu mwenzenu akaogopa kuzipika."

Bwana Phineas alivua kofia. "Nilipita nyumba kwa nyumba," alisema polepole. "Kila mlango nilijibiwa, tuko salama. Nami nikaenda ofisini nikasema wakulima wako salama. Twendeni sasa, mseme wenyewe."

Walikwenda, na haikuwa rahisi. Walirudishwa, wakaenda tena. Mwishowe ofisi ilikubali wakulima wapewe nusu ya chakula walichokuwa wakipewa zamani, hadi mavuno, na hakuna aliyefutwa. Sista Priscilla naye alianza kuwapa watoto waliodhoofika unga wa uji, maana hapo kwanza hakujua kwamba wako wengi hivyo.

Siku Chan aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Athok alimkalisha Awut kando yake kwenye benchi la zahanati.

"Mwanangu, ulikosea kumlisha mdogo wako kitu ulichoonywa kuwa ni sumu," alimwambia. "Ukakosea tena ulipomficha Sista. Lakini uongo huo ulijifunza kwangu. Ulinisikia nikisema tumeshiba, ukadhani shida hufichwa. Kuwa na njaa si aibu. Shida iliyofichwa haina wa kuiponya, na uongo wa siku moja nusura utuzikie mtoto. Ukweli wako ndio uliomrudisha."

Kisha akambeba Chan mgongoni, akamshika Awut mkono, wakaenda shambani kupalilia.